Kuchagua begi la mgongoni la kazini na la safari kwa sisi wa Lamu na Malindi: tazameni upande wa ndani kwanza

Mwanzisha uzi (Lamu mjini)

Assalamu alaikum, na salamu kwa ndugu zangu wote. Kila mtu anapouliza anunue begi gani la mgongoni la kazini na la safari, hujibiwa kwa majina ya kampuni, na majina hayo karibu yote hutoka katika orodha zilizoandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaopanda treni na kuingia ofisini bila kuguswa na tone la maji ya bahari. Mimi nakaa Lamu mjini na kazi yangu iko Mokowe, ng'ambo upande wa bara, kwa hiyo begi langu huvuka kwa boti asubuhi na kurudi jioni, kusi na kaskazi. Nimeyaona mabegi mengi yakiharibika, ya kwangu na ya wenzangu wa chomboni, na ni machache sana yaliyoharibiwa na uzito wa mzigo. Yanayoyamaliza ni chumvi, unyevu na jua, na uharibifu huanza upande wa ndani, mahali ambapo mnunuzi hakuwahi kupatazama dukani. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu, ili mtu akienda dukani au kwenye mitumba ajue atie mkono wapi.

Vitambaa vingi vya mabegi, viwe vya nailoni au vya poliesta, hupakwa kwa ndani utando mwembamba wa poliyurethani ili maji yasipenye. Kwenye lebo utaona herufi PU, na pengine tarakimu ya milimita inayoonyesha kimo cha maji ambacho kitambaa kilikihimili kilipopimwa kabla ya kuanza kuvuja. Utando huo ukiwa mpya hufanya kazi vizuri. Shida yake ni kwamba aina iliyo rahisi, ile yenye msingi wa poliesta, huvunjwa polepole na mvuke wa maji ulio hewani, na joto huharakisha kuvunjika huko. Wanakemia huuita mchakato huo hidrolisisi. Hauhitaji begi litumike hata kidogo: begi lililofungiwa kabatini katika nyumba isiyopitisha hewa laweza kutolewa likiwa limechakaa kuliko lile linalobebwa kila siku. Dalili ya kwanza ni harufu ya uchachu. Ya pili ni kunata, yaani ukipitisha kiganja ndani ya begi unahisi kitambaa kinashika ngozi. Baada ya hapo utando humeguka kwa vipande vyeupe vyepesi vinavyoganda kwenye daftari, kwenye waya wa chaja na kwenye kanzu uliyoikunja vizuri kwa ajili ya Ijumaa.

Basi ukiwa dukani, ligeuze begi ndani nje kadiri linavyogeuka, washa taa ya simu, nusa, kisha sugua kitambaa kwa kidole gumba kwenye pembe za chini. Ikiwa kuna bitana inayoficha kila kitu, tafuta mfuko wa zipu ulio ndani. Mara nyingi chini yake pana uwazi unaokuwezesha kugusa nyuma ya kitambaa cha nje. Utando wa silikoni hauvunjwi na unyevu kwa namna hii, na ule wa TPU (aina nyingine ya poliyurethani) yenye msingi wa polieta huhimili unyevu vizuri zaidi kuliko PU ya kawaida. PVC nayo haisumbuliwi na unyevu, ingawa ni nzito na hukakamaa miaka inavyokwenda. Mchuuzi hatajua habari hizi na si haki kumlaumu, lakini lebo na tovuti ya kampuni mara nyingi huzitaja.

Sasa kuhusu tarakimu ambazo kila mtu huzitazama: 300D, 600D, 1000D na kadhalika. Herufi D ni ya denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 600D, basi, ni ule ambao mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 600. Tarakimu hii hupima unene wa uzi peke yake. Haisemi kitu juu ya ubora wa uzi wala ufumaji wake, na haifai kulinganishia nailoni na poliesta, kwa kuwa nailoni huhimili msuguano zaidi. Nailoni nzuri ya 420D mara nyingi huishinda poliesta ya 600D pale begi linaposuguliwa kwenye saruji au kwenye kingo za matumbawe za vichochoro vyetu. Jina la Cordura, ambalo wengi hulichukulia kuwa ni aina moja ya kitambaa, ni alama ya biashara inayobandikwa kwenye vitambaa vya unene mbalimbali, kwa hiyo kuliona tu hakutoshi. Soma na tarakimu iliyo kando yake. Kwa begi la kila siku, nailoni ya kati ya 420D na 500D inatosha kabisa. Ya 1000D ni imara, lakini huongeza uzito ambao utaubeba hata begi likiwa tupu, na katika joto letu hilo si jambo dogo.

Poliesta nayo ina sifa yake, na sipendi kuona ikidharauliwa. Hunyonya maji kidogo mno, wakati nailoni hunyonya kiasi cha asilimia 4 ya uzito wake katika hewa ya unyevu wa kawaida na kupoteza sehemu ya nguvu yake inapolowa. Poliesta pia huvumilia mionzi ya urujuanimno ya jua vizuri zaidi. Sisi tuko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na mtu ambaye begi lake hukaa juani mchana kutwa, kama mabaharia au wauzaji wa gatini, afikirie poliesta nene kabla ya kukimbilia nailoni.

Nirudi kwenye chumvi, kwa sababu hapo ndipo ushauri wa wageni unapotupungukia. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Begi likirushiwa maji chomboni na kuanikwa, maji hukauka na chumvi hubaki ndani ya kitambaa, kwenye mishono na katikati ya meno ya zipu. Chumvi hiyo, unyevu wa hewa unapopanda kupita asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka upya. Ndiyo sababu begi ulilolianika likakauka kabisa mchana, ukiligusa alfajiri unalikuta lina ubaridi na unyevunyevu ingawa halikutiwa maji. Hali hiyo ikijirudia kila usiku, utando unapata unyevu wa kuuvunja, kuvu inapata pa kuota na vyuma vinapata kutu. Kulianika juani tena hakusaidii, maana chumvi haiondoki kwa jua. Dawa yake ni kulisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na hapa niwakumbushe kwamba visima vingi vya mjini vina maji ya magadi. Tumieni maji yanayotoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela au maji ya mvua yaliyokingwa birikani. Baada ya kusuuza, lianikeni kivulini penye upepo, midomo yote ikiwa wazi.

Zipu. Hapa naomba subira yenu, kwa sababu begi lenye kitambaa kizima na zipu mbovu halina matumizi. Ukubwa wa zipu hutajwa kwa tarakimu, 3, 5, 8 au 10, na tarakimu hiyo hukaribia upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa. Mdomo mkuu wa begi la kila siku unastahili zipu ya 8 au 10; ya 5 iachiwe mifuko midogo. Tarakimu mara nyingi hupigwa chapa nyuma ya kichwa cha zipu, pamoja na jina la mtengenezaji, kwa mfano YKK, kampuni iliyoanzishwa nchini Japani mwaka 1934, ambayo bado naiamini kwa zipu kuliko nyingine, japo chapa yake huigizwa na kwa hiyo ni lazima uipime kwa mkono pia. Zipu za meno ya chuma tuziepuke kabisa huku pwani. Zile za meno ya nailoni au poliesta yaliyosokotwa hujipinda vizuri kwenye kona na hazishiki kutu, lakini kichwa chake bado ni chuma, kwa kawaida aloi ya zinki iliyopakwa rangi, na rangi ikichubuka chumvi huanza kukila.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba zipu inapoanza kufunguka nyuma ya kichwa, mara nyingi meno yake ni mazima. Kilichoharibika ni kichwa, ambacho mdomo wake umepanuka kwa kusuguliwa na mchanga hadi hakiwezi tena kuyabana meno yakashikana. Fundi hukibana kwa koleo pande zote mbili, kidogo kidogo, akijaribu kila mara, na kikikataa hukibadilisha kichwa peke yake. Usikubali begi litupwe kwa sababu hiyo. Wala msitie mafuta kwenye zipu, kwa kuwa mafuta hushika mchanga. Pigeni mswaki mkuukuu mkavu kwenye meno, kisha mpitishe kipande cha mshumaa.

Kuhusu mishono nitasema machache. Tazama pale mkanda wa begani unapoingia kwenye begi, juu na chini, kwa ndani. Panatakiwa pawe na mshono zaidi ya mmoja, na juu yake mshono mfupi mnene wa kwenda na kurudi, na ukingo wa kitambaa uwe umefungwa kwa utepe ili usitoe nyuzi. Mkanda ulioshonewa ukingoni kabisa mwa kitambaa, bila kubakizwa nafasi, utachomoka na ukingo wake. Bonyeza pia sponji ya mgongoni: ile inayorudi polepole na yenye matundu wazi hunywa jasho na maji na kukaa nayo, na ile ngumu kidogo yenye matundu yaliyofungika hukauka upesi.

Kwa ukubwa, lita 22 hadi 26 zinamtosha mtu wa kazini mwenye laptopu, nguo ya kubadilisha na chakula cha mchana. Kwa safari ya siku kadhaa, lita 35 zinatosha. Ndege ndogo zinazotua Manda kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa kawaida hukubali kilo 15 za mzigo na hupendelea mabegi laini, kwa hiyo begi la mgongoni linafaa kuliko sanduku. Kwa wanaokwenda kwa basi kupitia Witu na Garsen, ambako abiria hushushwa na mizigo kukaguliwa, begi linalofunguka mbele kote kama sanduku hukuepusha kumwaga vitu vyote barabarani ili kuonyesha kilicho chini.

Karibuni mchangie.

Mchangiaji (Faza)

Wa alaikum salaam. Nakushukuru, ndugu yangu, kwa maelezo yenye faida. Mimi ni mwalimu, na safari ya kutoka Faza hadi Lamu ni ndefu kuliko hiyo yenu ya Mokowe. Wakati wa kusi tunaingia chomboni wakavu na kushuka tumelowa. Nabeba laptopu na mitihani ya wanafunzi, vitu ambavyo vikilowa hakuna wa kunilipa. Je, ninunue begi linaloandikwa kwamba haliingizi maji kabisa, au ni maneno ya biashara tu?

Mwanzisha uzi

Maalim, shikamoo. Tarakimu ya milimita kwenye lebo hupimwa kwenye kitambaa peke yake. Begi lililoshonwa lina matundu ya sindano kila mshono unapopita, na lina zipu, na huko ndiko maji yanakoingia kwanza hata kama kitambaa kingehimili bahari nzima. Mabegi yasiyoingiza maji kweli ni yale ambayo mishono yake imeyeyushwa na kugandishwa badala ya kushonwa, na ambayo mdomo wake hukunjwa mara tatu au zaidi kisha kufungwa kwa bizimu. Hayo yapo, na ni mazuri kwa chombo, lakini kwa kazi ya ualimu yana dosari mbili: kila kitu hukaa chini ya kingine kama kwenye gunia, na mgongo wako haupati hewa.

Kwa hiyo ningekushauri utenganishe kazi hizo mbili. Nunua begi la kawaida lililo imara, kisha weka ndani yake mfuko mwepesi wa kukunja mdomo, wa aina wanayotumia wapiga mbizi na wavuvi wa michezo, ambamo laptopu na mitihani vitaingia. Ukifika shuleni, unautoa mfuko huo mzima na begi unalianika. Toa hewa kabla ya kukunja, kunja kingo zikiwa sawasawa, na usiujaze hadi ukashindwa kupata mikunjo mitatu. Faida nyingine ni kwamba begi likichakaa mfuko unahamia kwenye begi jingine, na mfuko ukitoboka begi linabaki.

Mchangiaji (Malindi)

Hamjambo, wenzangu. Natofautiana kidogo na mwenye uzi kuhusu uzito wa kitambaa. Sisi wa Malindi hatuvuki bahari kwenda kazini. Tunapanda pikipiki na tuktuk, na adui wetu ni msuguano. Begi hukaa kati ya abiria na dereva, husuguliwa na chuma cha tuktuk, huwekwa chini penye changarawe, na vumbi la mchanga huingia kila mahali. Nimekuwa nikibeba begi la nailoni ya 1000D kwa miaka, na sehemu ya chini, ambayo kwa mabegi mengine hutoboka kwanza, kwangu bado ni nzima. Uzito wa ziada naukubali. Tena mimi nasema ni afadhali begi zito litakalodumu kuliko jepesi nitakalolibadilisha kila mara, kwa kuwa fedha ya kubadilisha haitoki mbinguni.

Pia naomba niongeze jambo la usalama kwa wanaopanda bodaboda. Ncha za mikanda zinazoning'inia ni hatari. Zinaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu. Zikunjeni na kuzifunga kwa mpira, au mzikate na kuzichoma ncha kwa moto ili zisitoe nyuzi.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Malindi, umesema kweli kuhusu sehemu ya chini, na hilo la mikanda naliunga mkono kwa mikono miwili. Tofauti yetu ni ndogo. Begi lenye 1000D chini peke yake, na 420D au 500D pande nyingine, hukupa ulinzi pale unapohitajika bila kukubebesha uzito usio na kazi, na watengenezaji wengi huchanganya hivyo. Ila hata 1000D hainusuriki utando wake ukioza. Naomba leo jioni utie mkono ndani ya hilo begi lako, upapase pembe za chini, kisha utueleze.

Mchangiaji (Malindi)

Nimepapasa. Kitambaa cha nje hakina mkwaruzo wa maana, lakini ndani kwenye pembe panashika kidole, na kuna unga mweupe chini ya chaja ambao nilidhani ni wa chaki za ofisini. Je, limekwisha?

Mwanzisha uzi

Halijakwisha hata kidogo, na nitakujibu kwa ukamilifu nikimaliza kumpisha fundi, maana naona ameingia na yeye ana la kusema kuliko mimi.

Mchangiaji, fundi wa kushona (Langoni, Lamu)

Assalamu alaikum. Mimi nashona na kukarabati mabegi, viti vya boti na maturubai, na mengi aliyoyaeleza mwenye uzi ndiyo ninayoyaona mezani kwangu. Niongeze mambo ambayo mteja haelezwi.

La kwanza ni uzi wenyewe. Mabegi mengi yanayoletwa kwangu yamefumuka mishono huku kitambaa kikiwa kizima, kwa sababu yalishonwa kwa uzi mwembamba wa nguo au, mabaya zaidi, uzi wa pamba, ambao katika unyevu wetu huoza. Ukimpelekea fundi begi, mwambie atumie uzi wa nailoni au poliesta ulio mnene, na sindano inayolingana nao; fundi akitumia sindano nyembamba uzi hukatika, na akitumia nene mno hutoboa kitambaa matundu makubwa yasiyojifunga. Tena asikaribishe mishono kupita kiasi akidhani ndiyo uimara. Mishono mitatu hadi minne kwa sentimita moja inatosha; ikizidi sana, matundu huungana na kitambaa huchanika kwa kufuata mstari.

La pili ni kwamba kabla ya kununua mjiulize kama begi linafunguka kwa fundi. Kuna mabegi ambayo mkanda wake umegandishwa kwa gundi, au bizimu lake limeshonewa ndani ya sponji, na mimi siwezi kulifikia bila kulifumua begi zima. Bizimu likivunjika kwenye begi la kawaida, nalitoa na kutia jingine mteja akisubiri. Wapo siku hizi watengenezaji wanaotumia bizimu lenye mwanya upande mmoja, ambalo huingizwa kwenye mkanda bila kufumua mshono wowote. Mkiliona, hilo ni jambo la kulipia.

La tatu, kuna wanaoniuliza kuhusu mikoba inayoshonwa hapa Lamu kutokana na matanga makuukuu ya majahazi. Ni kazi nzuri na naiheshimu, na kwa kwenda sokoni au ufukweni inafaa sana. Lakini tanga ni pamba. Likilowa huwa zito, hukauka kwa muda mrefu, na likiwekwa mahali pasipo na hewa huota kuvu za madoa meusi ambayo hayatoki. Mtu mwenye laptopu na safari ya kila siku chomboni asilitegemee peke yake.

Mchangiaji (Lamu mjini)

Fundi, ahsante sana, na Mwenyezi Mungu akuzidishie. Mimi nina swali la mtoto. Ana miaka minane, na begi lake la shule likijaa vitabu, yeye huinama mbele akitembea. Nimeambiwa ninunue begi kubwa zaidi ili vitabu vienee vizuri. Je, ni sawa?

Mwanzisha uzi

Dada, begi kubwa zaidi litajazwa zaidi, na likining'inia chini ya kiuno litamvuta nyuma, naye atainama mbele kujisawazisha. Ushauri unaotolewa mara kwa mara na wataalamu wa afya ni kwamba mzigo wa mtoto usizidi kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25, basi, asibebe zaidi ya kilo 2.5 hadi 3.75, begi likihesabiwa. Kwa hiyo begi lenyewe liwe jepesi, urefu wake usipite mgongo wake, na vitabu vizito vikae karibu na mgongo. Mkanda mwembamba wa kifuani unasaidia mabega yasiteleze. Kwake nailoni nene si ya lazima. Tafuta mishono mizuri na zipu kubwa ambayo vidole vyake vinaimudu.

Sasa nimrudie ndugu wa Malindi. Utando ulioanza kunata haurudi kuwa mzima, na kupaka dawa mpya juu ya uliooza ni kupoteza fedha, kwa sababu mpya itabanduka pamoja na wa zamani. Kinachowezekana ni kuuondoa wote. Toa kila kitu mifukoni, geuza begi ndani nje, liloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa saa kadhaa, kisha lisugue kwa brashi ya nguo hadi vipande viishe kutoka. Penye kubaki kunata, tumia kitambaa chenye spiriti, lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana usije ukaondoa rangi. Kazi hiyo huchukua muda na huchafua, kwa hiyo ifanyie uani. Suuza kwa maji mengi, anika kivulini, na uhakikishe sponji ya mikanda imekauka hadi ndani kabla ya kuliweka.

Baada ya hapo utakuwa na begi la 1000D lisilozuia maji. Kitambaa bado kina nguvu yake yote, zipu na mishono ni ileile, na vitu vya ndani utavilinda kwa mfuko wa kukunja mdomo niliomweleza Maalim. Ukipenda kurudisha ulinzi kidogo dhidi ya manyunyu, zipo dawa za silikoni za kupuliza zinazotumiwa kwa mahema. Hupakwa kwa nje baada ya begi kukauka vizuri, nazo hufifia na kuhitaji kurudiwa.

Mchangiaji (Malindi)

Nimeelewa, kaka. Nitaifanya kazi hiyo Jumamosi. Swali la mwisho kutoka kwangu: nikitaka jingine la safari, mitumba au jipya?

Mwanzisha uzi

Mitumba, ikiwa una muda wa kuchagua, kwa sababu begi lililokwisha tumika limeshaonyesha udhaifu wake na wewe unauona kwa macho kabla ya kulipa. Soko la Kongowea, Mombasa, mchana ukiwa na mwanga, au kwa wauzaji wa hapo Malindi mnaowafahamu, nenda na kitu kizito cha kutia ndani, hata chupa za maji, kisha liinue begi kwa mkanda mmoja na usikilize mishono. Funga na ufungue kila zipu hadi mwisho, hasa kwenye kona. Tia pua ndani. Begi lenye harufu ya uchachu liache hata likiwa na jina kubwa na bei ndogo. Jipya nunua pale tu unapohitaji ukubwa maalumu usioupata, na hapo usilipie dhamana ya maisha ambayo ili uidai ni lazima ulipeleke begi ng'ambo kwa gharama yako. Fedha hiyo iongeze kwenye zipu nzuri, na akiba kidogo uiweke kwa ajili ya fundi.

Fundi naye akipata nafasi, naomba atueleze bei ya kubadilisha vichwa vya zipu vya 8 na 10, na kama huviweka akiba dukani kwake au ni lazima mteja aje navyo.

Mchangiaji, fundi wa kushona (Langoni, Lamu)

Vya 5 na 8 ninavyo siku zote. Vya 10 huagiza Mombasa, kwa hiyo mwenye navyo aje navyo, na aje na begi likiwa limeshasuuzwa chumvi, maana chumvi huitia mashine yangu kutu.